Nikifuata Jicho la Cao Đài, kutoka kisiwani mpaka Phnom Penh

Jumapili, Phú Quốc

Karibu kila mtu anayeandika kuhusu Cao Đài, ile dini ya Vietnam yenye alama ya jicho, anaanzia Tây Ninh, kwenye lile hekalu kubwa la rangi rangi, anapiga picha ibada ya mchana halafu huyoo kwenye basi anarudi Saigon kabla jua halijazama. Mi nikasema hapana, nianzie ilipoanzia, na ilianzia huku kisiwani, tena ilianza na mtumishi wa serikali.

Jamaa anaitwa Ngô Văn Chiêu, mzaliwa wa 1878. Alikuwa ofisa wa utawala wa Wafaransa, na mwaka 1920 wakamleta Phú Quốc kuwa mkuu wa hapa. Kisiwa kilikuwa pori na wavuvi, sio hizi hoteli zilizojipanga ufukweni leo, kwa hiyo muda wa kukaa na kuwaza alikuwa nao tele. Enzi hizo kuita roho ilikuwa kawaida kabisa kwa wasomi wa Vietnam, kwanza kwa mila yao wenyewe ya Kidao (mafundisho ya Laozi wa China), pili kwa sababu na Ufaransa nako watu walikuwa wamepagawa na mambo ya kuongea na wafu. Chiêu akawa anafanya vikao vyake, na roho iliyomjia ikamwambia ale mboga tu kwa miaka mitatu. Akakubali. Mwaka 1921 akiwa amekaa anaangalia nje akaona jicho moja kubwa linang'aa angani, akaogopa akafunika uso kwa mikono, akaomba liondoke kama kweli hiyo ndo alama anayotakiwa kuiabudu, likaondoka. Siku nyingine likarudi. Basi likawa ndo alama. Jicho la kushoto, kwa sababu upande wa kushoto kwao ni wa yang (nguvu ya mwanga na ya kiume), na Mungu ndiye bwana wa yang.

Kinachonishangaza ni kwamba Chiêu hakutoka mbio kwenda kuhubiri. Alimaliza kazi yake kisiwani mpaka 1924, akahamishiwa Saigon kama ofisa yeyote anavyopewa uhamisho, akaenda na jicho lake kimya kimya. Nimepita kwenye hekalu dogo la Cao Đài hapa Dương Đông, wazee wawili wanafagia majani, jicho lipo juu ya mlango, hakuna mtalii hata mmoja. Wote wako baharini.

Jumatatu, Cần Thơ

Boti mpaka Rạch Giá, kutoka hapo basi. Barabara ndefu, mito kila kona, sina la kusema.

Nimepita Cần Thơ kwa sababu ya huyo huyo Chiêu. Dini ilipoanza kukua na watu wakataka awe Papa (wana cheo cha Papa kabisa, ntafika huko) akakataa. Hakutaka makundi, hakutaka mavazi ya vyeo wala sherehe. Alibaki na wanafunzi wachache wa tahajudi (kukaa kimya na kutuliza akili), hicho kikundi ndo kinaitwa Chiếu Minh na mpaka leo kipo huku, masharti yake ni magumu: hawali nyama maisha yao yote na wanakaa tahajudi mara nne kwa siku. Chiêu alifariki 1932 akazikwa hapa.

Kwa hiyo mtu wa kwanza kuliona jicho sio aliyeijenga dini tunayoiona kwenye picha. Waliojenga ni wengine, na hao nawafuata kesho.

Jumanne, Saigon

Mji kwenye ramani ni Hồ Chí Minh City ila kila niliyeongea naye anasema Saigon tu.

Nimetembea mpaka mtaa wa Calmette, ambao enzi za Wafaransa uliitwa Bourdais, maana huku ndiko ilikuwa nyumba ya Cao Quỳnh Cư. Usitegemee kuona kitu, pikipiki zimejaa mpaka kwenye njia ya miguu. Lakini katikati ya 1925 makarani watatu walikuwa wanakutana hapa jioni baada ya kazi. Cư alikuwa wa reli, wenzake Phạm Công Tắc na Cao Hoài Sang wa forodha. Wanaweka mikono juu ya meza, meza inainuka mguu mmoja na kugonga chini, wanahesabu mapigo: moja ni herufi ya kwanza, mawili ya pili, wanaendelea hivo hivo mpaka sentensi itimie. Fikiria uvumilivu. Usiku mzima mnapata mistari minne ya shairi.

Maana roho zilikuwa zinakuja na mashairi! Alikuja baba yake Cư aliyekuwa ameshafariki, akaja binti mmoja aliyekufa akiwa kijana, halafu ikaja roho moja iliyokataa kujitaja, ikajiita tu AĂÂ, yaani herufi tatu za kwanza za alfabeti ya Kivietnam. Wakabaki wanaipenda bila kuijua. Mkesha wa Krismasi 1925 ndo ikajitambulisha: ni Mungu Mkuu, Mfalme wa Jade, kwa jina la Cao Đài, na anaanzisha dini mpya kusini mwa Vietnam. Baadaye wakaachana na meza wakahamia kwenye kikapu chenye mdomo mrefu wa mti, watu wawili wanakishika na mdomo unachora herufi, wa tatu anasoma kwa sauti, wa nne anaandika. Huyo wa nne ndo nampenda. Kila kikao kina tarehe, kina karatasi. Dini nyingi zina karne kadhaa za giza kati ya tukio na maandishi, hawa wameandika usiku ule ule, wakiwa na mwandiko mzuri wa ofisini.

Mwanzoni mwa 1926 akaongezeka Lê Văn Trung, mfanyabiashara na mjumbe wa baraza la koloni, mtu mkubwa lakini afyuni ilikuwa imemmaliza. Aliingia, akaacha afyuni. Huyu ndo alileta mtandao, watu na heshima mbele ya Wafaransa.

Jumatano, Gò Kén

Basi la asubuhi kwenda Tây Ninh, kilomita kama mia moja, pembeni yangu mama mmoja na mfuko wa chumvi ya pilipili na uduvi, ambayo ndo sifa ya mkoa huu. Kwa mbali unaanza kuuona mlima wa Bà Đen peke yake kwenye tambarare, mita 986.

Nimeshukia njiani kwenye pagoda ya Gò Kén. Ni ya Kibuddha, sio ya Cao Đài, wanaopita hapa kwa ajili ya historia ni wachache. Ila tarehe 7 Oktoba 1926 wale jamaa walipeleka barua kwa gavana wa Mfaransa kutangaza dini yao, saini 28 chini yake. Angalia akili: hawakuomba ruhusa, walitoa taarifa. Mtu aliyezoea faili za serikali anajua tofauti ya hayo mambo mawili. Tarehe 18 Novemba mwaka huo huo wakafungua dini rasmi hapa Gò Kén, pagoda ya kuazima, umati mkubwa. Haukupita muda wenye pagoda wakaitaka nyumba yao, ndo mwaka 1927 wakanunua msitu kijiji cha Long Thành wakaanza kufyeka.

Hapa niseme kuhusu imani yenyewe maana watu wanaiita mchanganyiko halafu wanaishia hapo. Wanasema Mungu ameshawafungulia watu mlango mara tatu. Mara ya kwanza zamani sana, mara ya pili ni enzi za Buddha Sakyamuni, Laozi, Confucius na Yesu. Zote hizo Mungu alipitia kwa mwanadamu, kila mwanadamu akaongea kwa watu wake na kwa lugha yake, matokeo yake dini zikatofautiana na watu wakaanza kugombana. Mara ya tatu, yaani hii, anaongea mwenyewe kupitia kikapu na hamtumi mtu. Kwa hiyo hawasemi wamebuni kitu, wanasema dini zote zilikuwa moja na wao wamepewa kazi ya kuzirudisha pamoja. Mengine utayatambua: karma, kuzaliwa upya, kutoua, kutoiba, kutokulewa, kutozini, kutosema uongo. Muumini wa kawaida anakula mboga siku sita za mwezi wa kalenda ya mwezi, akipanda inakuwa kumi, makuhani wakubwa ni siku zote.

Na vyeo sasa. Papa mmoja. Chini yake wakaguzi wa sheria watatu, makadinali watatu, maaskofu wakuu 36, maaskofu 72, makuhani 3,000. Idadi imewekwa kwenye katiba, haiongezwi. Kuna mhimili wa utendaji, kuna mhimili wa sheria ambao ndo wenye waita roho, na kuna wa tatu wa mbinguni usioonekana. Ukisoma ile katiba unaona kabisa ilipita mikononi mwa watu wanaojua ikama ni nini. Wanawake wana safu yao, bila ukomo wa idadi, wanafika ukadinali lakini upapa hapana. Maelezo ni kwamba yin (nguvu ya kike) ikitawala yang dunia inavurugika. Mi nimeona ni jibu la 1926 lililovalishwa nguo za milele, lakini haya, ukumbuke pia mwaka 1926 ni wapi kwingine mwanamke alikuwa anapewa ukadinali.

Alhamisi, Tây Ninh, hekaluni

Nimefika kabla ya ibada ya saa sita mchana. Ibada ni nne kila siku: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku. Eneo ni kubwa, barabara pana, msitu mle ndani na nyani wamo. Mbele kuna sanamu ya Siddhartha (Buddha kabla hajawa Buddha) juu ya farasi anaondoka kwao kwenda kutafuta ukweli. Minara miwili ya mbele inakwambia kanisa katoliki, paa linakwambia pagoda, na nyuma kabisa juu ya paa wamekaa Brahma, Shiva na Krishna, miungu ya Kihindu. Kwa mbali nilijua litanikera. Halikunikera. Rangi zimekubaliana zenyewe.

Hekalu lilizinduliwa 1955 baada ya ujenzi uliosimama na kuanza tena na tena. Waumini wanasema hakukuwa na msanifu majengo, vipimo vilikuja kwenye vikao vya roho, na mafundi walikula kiapo cha useja muda wote wa kazi. Msimamizi alikuwa karani wetu wa forodha, Phạm Công Tắc, ambaye sasa ni Hộ Pháp, mlinzi wa sheria.

Ukiingia tu ukumbini unakutana na mchoro wa watu watatu wanatia saini mkataba na Mungu. Nguyễn Bỉnh Khiêm, mshairi na mtabiri wa Vietnam wa karne ya 16, anaandika Kichina kwa brashi. Sun Yat-sen, mwanamapinduzi wa China, ameshika jiwe la wino. Na Victor Hugo, ndio huyo huyo mwandishi wa Ufaransa, na kalamu yake ya unyoya anaandika Kifaransa: Mungu na utu, upendo na haki. Wageni wanacheka hapo, dada mmoja wa kikundi cha watalii alicheka mpaka akatoka nje. Lakini Hugo mwenyewe alipokuwa uhamishoni kisiwa cha Jersey miaka ya 1850 alikuwa anakaa kwenye meza ya kugonga na kuongea na roho za wakubwa waliokufa, miaka sabini kabla ya akina Cư. Kwa Mvietnam aliyesomeshwa Kifaransa, mshairi aliyepinga watawala na aliyeamini meza inaongea, ungemchagua nani mwingine? Na upapa wa rohoni kapewa Li Bai, mshairi wa China wa karne ya 8. Hii dini ina mapenzi na washairi.

Viatu nje, wanaume mlango wa kulia, wanawake wa kushoto. Sisi wageni tulipelekwa ghorofani kuangalia kutoka juu. Kengele ikagonga, wakaingia kwa mistari: waumini wote meupe matupu, mbele makuhani wa njano (tawi la Kibuddha), buluu (Kidao) na nyekundu (Confucius). Sakafu inapanda kwa ngazi tisa kuelekea madhabahuni na kila cheo kina ngazi yake, kwa hiyo ukiangalia toka juu unaisoma ikama yote chini yako. Nguzo zimezungukwa na majoka, dari ni anga ya buluu na mawingu. Mwisho kabisa kuna tufe kubwa, kipenyo mita 3.3, limechorwa nyota 3,072, na katikati ya nyota jicho linakuangalia. Ndani ya tufe kuna taa isiyozimwa.

Pale ghorofani nilipokaa, chini yangu alikuwepo mzee mmoja, karibu kiasi cha kuona mikono yake. Kidole gumba cha kushoto anakigusisha kwenye shina la kidole cha pete, anafunga ngumi, mkono wa kulia unaifunika. Anapiga magoti, anasujudu, akiwa chini anainamisha kichwa mara nne, anainuka. Mara tatu hivo, kwa hiyo kumi na mbili kwa Mungu. Jumba zima linafanya kwa pamoja bila mtu kutoa amri, ni mlio wa upatu tu na kwaya ya vijana ghorofani karibu na sisi. Wanatoa maua, divai na chai, ambavyo ni mwili, pumzi na roho.

Mbele ya madhabahu kuna viti saba. Kile cha juu kabisa ni cha Papa. Kitupu. Lê Văn Trung alikuwa kaimu tu, akafariki 1934, na hakijakaliwa tena.

Nimerudi saa sita usiku. Watu wachache, hakuna kamera, yule mzee yupo.

Ijumaa, bado Tây Ninh

Asubuhi nikaenda hekalu la Mama Mtakatifu, ambalo watalii wanalipita. Kumbe Cao Đài ina Mungu Baba mwenye jicho na Mama wa ulimwengu, na sikukuu yake ya mwezi mpevu wa nane ndo inajaza mji huu kuliko zote. Mchana nikala wali wa mboga karibu na soko la Long Hoa, hapa mgahawa wa mboga uko kila baada ya hatua chache na uyoga wao unaweza kukudanganya ni nyama.

Jioni nimekaa na mzee mmoja mstaafu, mjukuu wake wa kike anatafsiri na kila sentensi anaanza na "babu anasema". Nikamuuliza kuhusu kile kiti. Akacheka, akasema mgeni kila mmoja anauliza picha, wewe unauliza kiti.

Jibu lake linahitaji historia kidogo. Wafaransa walimkamata Hộ Pháp mwaka 1941 wakamtupa Madagascar, huku huku Bahari ya Hindi, akarudi 1946. Wakati hayupo waumini wakashirikiana na Wajapani, wakapata jeshi, na miaka ya vita iliyofuata Tây Ninh ikawa kama dola ndani ya dola, na askari wake na kodi zake. Naona hapo ndo walijichafua, huwezi kuhubiri upendo wa dini zote huku una mizinga, na makamanda wao walipigana leo upande huu kesho ule. Ngô Đình Diệm aliposhika utawala wa Vietnam Kusini akalivunja hilo jeshi, na 1956 Hộ Pháp akakimbilia Cambodia. Baada ya vita kuisha 1975 serikali mpya ya kikomunisti ikachukua ardhi na majengo, ikavunja uongozi. Mwaka 1997 ikaitambua tena taasisi ya Tây Ninh, lakini kuita roho marufuku.

Sasa unganisha. Vyeo vya juu kabisa, kwa katiba yao, vinathibitishwa na mbinguni kupitia kikapu. Kikapu kimefungiwa. Yaani ni sawa na laini ya simu ya bosi imekatwa na barua zote zinasubiri saini yake. "Babu anasema kiti sio kitupu, kinasubiri." Nikamuuliza haoni shida kwamba serikali imemnyamazisha Mungu? Mjukuu alisita kutafsiri, babu akamwuliza nimesema nini, mwisho akatafsiri. Mzee akasema walichokwisha kuandikiwa bado hawajamaliza kukitekeleza, mengine ya nini kwanza. Wapo wasiokubaliana naye, wapo makundi yaliyokataa uongozi wa sasa na yanasali majumbani, hilo alinyamaza nalo na mi sikumkaba.

Idadi yenyewe inabishaniwa. Sensa ya 2009 ilihesabu waumini 807,915, ya 2019 ikatoa 556,234. Viongozi wa dini wanataja mamilioni.

Kabla ya giza alinipeleka kwenye kaburi la Hộ Pháp, mnara wa pembe nane. Wakubwa wao wanazikwa wamekaa.

Jumamosi, Phnom Penh

Mpaka wa Mộc Bài, muhuri, muhuri, basi lingine, daraja refu juu ya Mekong, foleni.

Nimekuja huku kwa sababu mwaka 1927 forodha ya Wafaransa ilimhamishia Phạm Công Tắc Phnom Penh, bila shaka wakitaka atulie. Akatulia? Alianzisha huku huku umisionari wa nje ya nchi, na kwenye vikao vya hapa ndo Victor Hugo alikuja mara kwa mara na kupewa ukuu wa kazi hiyo. Barua ya uhamisho ikazaa dini ya kimataifa. Hekalu lipo, dogo kuliko la Tây Ninh, jicho lile lile, waumini wengi ni Wavietnam wanaoishi hapa.

Ni hapa pia alipokufa uhamishoni Mei 1959. Kabla ya kufa alimwandikia barua waziri mkuu wa Cambodia, Mwanamfalme Sihanouk, akiomba mwili wake ubaki Cambodia mpaka Vietnam itakapokuwa na amani, imeungana na haifungamani na upande wowote. Mwaka 2006 masalia yake yakarudishwa Tây Ninh, ndo lile kaburi nililoliona jana. Mama anayehudumia hekalu anasema ilikuwa furaha, wengine walilia kwa hasira kwa sababu nchi imeungana ndio, amani ipo ndio, lakini lile sharti la tatu je? Bwana, mtu amekufa zaidi ya miaka sitini iliyopita na wafuasi bado wanabishana juu ya kipengele cha barua yake. Nilimuuliza mama yeye anasimama wapi. Akasema barua anayo nakala yake, nirudi kesho asubuhi baada ya ibada anionyeshe, ila nivae suruali ndefu.